Swali Nyuma ya Dirisha

Kompyuta ya Mtakwimu ilianza kuhema. Usinikatize. Feni ya kompyuta naijua inavyovuma, nimezifungua nyingi kuliko wewe ulivyofunua masufuria. Hii haikuvuma. Ilivuta pumzi, ikashusha, kama mtu aliyelala chali.

Mtakwimu hakujali. Mama yake mzazi alikuwa amelazwa wodi ya jirani na ofisi yake hapo hospitalini, anazidiwa, na daktari alikuwa na dawa mbili: moja inaponya, nyingine inamaliza. Ipi ni ipi? Jibu lilikuwa kwenye takwimu za wagonjwa waliotangulia, na programu ya kuzichambua haikufanya kazi bila vifurushi vya nyongeza, vile vipande vya programu vinavyoshushwa kutoka mtandaoni. Aliviagiza asubuhi. Sasa jua liko utosini, na usakinishaji umeganda palepale kama konokono aliyefia ukutani.

Akamwita mdogo wake, Fundi, kijana mwenye mdomo mrefu kuliko bisibisi zake. Fundi akamtania kwamba dada mtu kasoma hadi macho yameomba miwani, na bado kidude kidogo kinamtoa jasho. Akachomoa waya wa intaneti. Akachomoa na wa umeme.

Skrini haikuzimika.

Utani ukamkauka mdomoni. Chumba kilinuka udongo mbichi, ule wa kaburi lililochimbwa sasa hivi.

"Dada," alinong'ona, "haijaganda. Inasubiri kujibiwa. Kuna swali limejificha nyuma ya dirisha hili."

Akalisogeza pembeni lile dirisha la programu. Likatokea swali, na chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Nyie watu wa kompyuta mnajijua: tangu lini mkasoma? Mkono wa Mtakwimu, uliozoea kubonyeza Ndiyo kwa kila kinachouliza, ulibonyeza kabla Fundi hajafika mwisho wa sentensi, na papo hapo vifurushi vikaanza kushuka kimoja baada ya kingine, na ile pumzi ikatoka kwenye kompyuta, ikapita mezani ikiangusha kalamu mojamoja, ikampanda kiganjani, kwapani, shingoni, hadi akajikuta anahema mara mbili kwa wakati mmoja, pumzi yake na ya mwingine, na ya mwingine ndiyo ndefu.

"Lilikuwa linauliza nini?"

Fundi alishajibanza ukutani. "Limesema humo ndani hamna nafasi. Likauliza, nihamie kwako?"

Mtakwimu akamsihi akiondoe hicho kilichomwingia. Fundi akaandika amri ya kukitoa, akairudia na kuirudia, na kila alipoandika dada yake alikohoa udongo, mweusi, wenye mizizi, hadi Mtakwimu mwenyewe akamshika mkono: kiache kwanza, jibu linatoka, mama anakufa.

Jibu likatoka. Dawa ya pili ndiyo inayoponya. Daktari akaondoka nalo mbio.

Jioni mama alifumbua macho. Mtakwimu akainama ambusu. Mama akavuta shuka hadi kidevuni.

"Mwanangu yuko wapi?"

Alitaka kusema, ni mimi, mama. Machozi yalimtoka yakisema hivyo. Lakini mdomo ulifunguka wenyewe, na sauti nene, tulivu, ikajibu:

"Amenipisha."