Uji wa Mwandishi wa Manga

Apa kwanza. Gusa udongo, lamba kidole, sema hutamwambia mtu, hata padri wako. Umeapa? Haya. Mimi pia niliapa hivyohivyo mbele ya Nyaboke, mjane wa Cleophas, na sasa mdomo unaniwasha. Kwa hiyo sikiliza.

Cleophas alikuwa mwandishi. Si wa mchezo. Vitabu vyake vilisomwa mpaka Ulaya. Alipokufa alizikwa nyumbani kwake, kwenye mteremko wa Manga, juu ya ukingo wenye migomba. Na kwetu maiti haachwi peke yake. Abarogi, wale wachawi wetu, watamfukua. Basi ndugu yake Makori, mzee wa kanisa, akajitolea kulinda. Akawasha moto kando ya kaburi, akakesha. Kila mtu akasema, ndugu ni huyu.

Halafu Lewis, mtoto wa Makori aliye Dublin, akapiga simu.

"Tata, huku watu wanafuata njia za mwandishi aliyekufa. Mtaa kwa mtaa! Wanakaa alipokaa, wanakunywa alipokunywa."

Makori akacheka. Kisha akatangaza kwamba yeye atawapitisha watu njia za Cleophas, kwa ada. Haukupita muda, wageni wakaanza kumiminika Manga.

Ndipo akaja Valentine, mwalimu wa Nyamache. Huyu msichana alikuwa na kitabu kilichomkwama kooni kama mfupa. Miaka yote, ukurasa mmoja tu. Wenzake shuleni walikuwa wamemtungia jina, Bi Sura ya Kwanza. Alikuja jioni, pamoja na watu wa ofisi kutoka mjini. Makori akawapitisha njia aliyokwenda shule Cleophas, akawaonyesha jiwe alilokalia akiandika, na kituo cha majani chai alikogombana na karani. Jua likizama, wakafika nyumbani.

Makori akatoa kibuyu.

"Uji wa wimbi. Kibuyu ni chake mwenyewe. Ukinywa, mkono unafunguka. Kuna mwalimu wa Kenyenya alikunywa hapa. Sasa haachi kuandika."

"Haachi kabisa?" Valentine akauliza.

"Hata akila. Mke wake ndiye anamlisha."

Wageni wakacheka. Valentine hakucheka. Alitaka hicho hasa. Akapokea kibuyu, akabugia.

Uji ulikuwa vuguvugu. Mafuta yakaganda kaakaani kama nta. Na harufu yake... harufu ya ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa mvuani. Akameza kwa nguvu. Akameza tena. Kitu kikamnasa kwenye jino. Akakichomoa kwa vidole.

Kigumu. Kimepinda.

Ukucha.

Ukucha mnene wa mtu mzima, na chini yake utando mweusi unaoteleza.

Akakimbilia jikoni, akamkuta Nyaboke amekaa pembeni kama mgeni kwake mwenyewe.

"Mama," akanong'ona, "huu uji umepika wewe?"

"Unga ni wangu. Viungo ni vya shemeji. Akivitia, ananifukuza."

Valentine akafungua kiganja. Nyaboke akausogeza ule ukucha kwenye mwanga wa moto. Ulikuwa umepasuka katikati, ufa mrefu.

"Jembe lilimkata," Nyaboke akasema polepole. "Mwaka tuliooana. Nilimfunga kidole mimi."

Valentine akatapika hapohapo, juu ya majivu. Akatapika mpaka yakabaki maji ya kijani. Na bado alihisi mafuta yale yametulia ndani yake, yanakataa kutoka.

"Makori yuko wapi?"

"Ameenda kuongeza viungo."

Nje kulikuwa kimya. Kisha, kutoka chini ya ukingo...

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Nyaboke hakunong'ona tena. "Tokeni! Nyote mliokunywa, njooni na simu zenu, mmulike!"

Wakateremka kwenye migomba, tochi zikirukaruka. Uvundo ukawapokea kabla hawajaona kitu. Bwana mmoja mwenye tai akajitapikia viatu.

Makori alikuwa amelala kifudifudi. Ubavuni mwa ukingo kulikuwa na shimo lililochimbwa kuelekea kaburini, na mkono wake ulikuwa umezama humo mpaka begani. Kando yake, sufuria. Ndani ya sufuria, kitu cha kijivu chenye nywele.

"Makori!" Nyaboke akapaza sauti. "Ulikuwa unalinda kaburi, au unalinda nyama yako?"

Mzee wa kanisa hakukimbia. Hakukana. Jasho lilimtiririka puani.

"Shemeji... nivuteni."

"Toka mwenyewe, fisi wewe!"

"Nivuteni, tafadhali."

Wanaume wawili wakamshika miguu, wakavuta. Akatoka kidogo. Kisha, polepole, bila yeye kujisogeza, akarudi ndani mpaka shavu likabanwa kwenye udongo.

Wakamwachia miguu.

Valentine akapiga magoti, akamulika uso wake. "Umenaswa na nini?"

Makori akawatazama wote, mmoja mmoja, macho yamemtoka.

"Sijanaswa," akanong'ona. "Amenipa mkono. Kama anayesalimia. Na hajaniachia."