Sarafu Kwenye Pindo la Koti

Fundi cherehani alikuwa akifumua koti kuukuu la marehemu baba mkwe wake. Alitaka kumshonea mwanawe suruali ya shule. Mkasi ulipofika kwenye pindo, ukagonga kitu kigumu. Akakata uzi taratibu. Sarafu ikamdondokea mapajani. Ilikuwa kubwa na nyeusinyeusi, na ilikuwa na sura ya mfalme asiyemjua.

Akaita kuelekea uani.

"Baba watoto, hebu njoo uone."

Mumewe, mwashi, akaja na saruji mikononi. Akaipimapima sarafu kiganjani.

"Hii ni fedha. Au ni bati tu. Ngoja niikwaruze kidogo tujue moja."

Alikuwa ameshashika tupa. Mkewe akampokonya sarafu, akaifumbata.

"Ukishaikwaruza, huo mkwaruzo utaufuta na nini? Twende kwanza kwa jirani."

Jirani yao alikuwa sonara. Watu walimwita Mama Mizani, maana alipima kila kitu, hata nyanya alizotoka kununua. Aliishika sarafu kwenye kingo tu, kwa ncha za vidole.

"Shemeji, tupa iweke mbali," alisema. "Wala msiisugue kwa mchanga au majivu. Fedha ikikaa sana huwa nyeusi. Sarafu ya kale ikikwaruzwa, thamani yake inashuka."

Akaisogezea sumaku. Haikunasa.

"Basi ni fedha," mwashi akasema.

"Usiwe na pupa. Hata shaba hainasi. Tumejua tu kwamba si chuma."

Aliipima sarafu kwenye mizani yake ndogo. Gramu ishirini na sita. Kisha akaweka bakuli la maji juu ya mizani na kuirudisha kwenye sifuri. Akaifunga sarafu kwa uzi, akaizamisha yote bila kugusa chini. Wote watatu wakainama. Mizani ikasoma gramu mbili na nusu.

"Huo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Sasa gawanya ishirini na sita kwa mbili na nusu," alisema Mama Mizani.

Fundi cherehani, aliyezoea hesabu za vitambaa, akawahi. "Kumi na kitu."

"Shaba ingetoa karibu tisa. Bati, saba. Fedha hutoa kumi na kitu. Dalili ni nzuri, shoga yangu. Ila kuna bandia za kijanja, kwa hiyo mnunuzi aipitishe kwenye mashine ya miale inayotambua madini. Haiachi alama."

Fundi cherehani akaifunga sarafu kwenye kitambaa laini.

Wiki hiyohiyo walikwenda kwa mnunuzi wa sarafu za kale. Mashine ikathibitisha kuwa ni fedha.

"Wengi huniletea zimesuguliwa kama sufuria," mnunuzi alisema. "Hii ni nzima. Nitawalipa zaidi ya bei ya madini yenyewe."

Jioni mwashi alirudi amebeba cherehani mpya ya umeme begani, jasho likimtiririka. Mkewe alitembea kando yake, akishindwa kuficha tabasamu.

"Ukichoka sema, nikupokee."

"Nichoke?" mwashi akajibu. "Leo hata wewe ningekubeba."