Jini Lililochomwa Pasipo Pake

Winfrida alikuwa akikoroga machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, jikoni kwao Kibosho alipouliza, "Nani anaunguza nywele?"

Mama yake, Mektrida, alinusa. Hakusikia harufu yoyote. Alipogeuka, macho ya binti yake yalikuwa yameganda, mdomo ukitafuna bila chakula, na kooni mwake ikatoka sauti nzito ya mwanamume: "Niacheni nikae." Kisha akaanguka.

Hali hiyo ikajirudia, mpaka kanisani watu wakamkimbia. Mganga wa kijiji cha jirani akasema ni jini, limekaa utosini. Akapasha kisu kwenye makaa, akamkandamiza nacho Winfrida kichwani huku Mektrida akimshika mikono na kulia, na ile harufu ya nywele kuungua, ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa ya Winfrida peke yake, ikajaa chumba kizima, ikaingia kwenye kanga, kwenye mapazia, mpaka vinywani mwao.

Jini halikutoka.

Wakashuka hospitali Moshi. Daktari Stella akambandika nyaya kichwani, akamlaza kando ya mashine inayorekodi umeme wa ubongo. Mchana mmoja mistari kwenye skrini ikaanza kutetemeka upande mmoja tu, ikapanda, ikaiambukiza mingine yote, na sauti ile ikanguruma kitandani: "Zimeni! Msinitazame!"

"Umelisikia?" Mektrida alinong'ona.

"Nimesikia, mama. Na nimeona linapoanzia."

Winfrida alipozinduka, daktari alimgusa juu ya sikio la kulia. "Kifafa chako kinaanzia hapa."

Winfrida akapapasa kovu la utosini. "Mama, mganga alinichoma mahali ambapo halikuwepo."

Mektrida akalifunika kovu kwa kiganja chake.

Baada ya upasuaji wa kuondoa sehemu ile ya ubongo, hakuanguka tena. Hasira ndiyo haikutolewa. Alasiri moja akaenda kwa yule mganga, akakuta kisu kiko motoni na mtoto, Doris, ameshikwa mkekani na baba yake. Winfrida akalipiga jiko teke, makaa yakatawanyika. Akavua kitambaa cha kichwani.

"Tazama kichwa changu! Baba mzima unamshikia mwanao achomwe?"

Mikono ya baba ikalegea. Winfrida akambeba mtoto, baba akifuata nyuma.

Kwenye migomba Doris akakakamaa. Winfrida akamlaza kwa ubavu, na kutoka koo lile dogo kitu kizee kikacheka.

Akainama sikioni kwa mtoto.

"Cheka. Tunaenda Moshi. Huko utatuonyesha mwenyewe ulipojificha."