Hodi Kutoka Ukutani

Ukuta wa chumba cha pili haukukauka.

Fundi aliupiga lipu mwenyewe siku kumi kabla ya kuhamia, na kuta nyingine zote za ghorofa ya sita zilikuwa zimeshakuwa nyeupe na ngumu. Huu mmoja ulibaki wa kijivu, wa baridi, na kila ilipofika saa kumi na moja jioni ulinuka saruji mbichi.

Zamani jengo lilikuwa la ofisi. Katikati ya jiji palijaa watu asubuhi na kubaki patupu jioni, mpaka wakubwa walipoamua kwamba watu warudi kuishi huko. Fundi ndiye aliyezigawa ofisi kuwa nyumba, na kazi ilipokwisha akafanywa msimamizi wa jengo na kupewa vyumba viwili. Alihamia na binti yake wa miaka tisa. Mama wa mtoto alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na wote wawili walitaka kuta ambazo hazikuwahi kumwona.

Nyuma ya ukuta ule palikuwa na stoo ya mafaili isiyo na dirisha. Ramani ilisema mlango wake uzibwe, naye akauziba. Alipomaliza aliupiga kwa kifundo cha kidole mara tatu, kama afanyavyo fundi yeyote kusikiliza kama ndani kuna uwazi, kisha akageuka kuosha mwiko wake kwenye ndoo.

"Hodi," sauti ilisema nyuma yake.

Alidhani ni mlinzi. "Karibu, pita," alijibu bila kuinua kichwa.

Hakuna aliyepita, naye akasahau.

Wiki ya pili baada ya kuhamia, alishuka kutoka ghorofa ya nane akamkuta binti yake amesukwa nywele.

"Nani kakusuka?"

"Mgeni wako."

"Mgeni gani?"

"Si ulimwambia apite?" Mtoto hakuacha kuchora. "Ananivuta nywele sana, baba. Lakini usimwambie, anajitahidi."

Ilikuwa mistari saba, na mmoja wa kushoto ulipindishwa nyuma ya sikio ili kuficha kovu dogo. Mtu mmoja tu alikuwa akiupindisha hivyo. Fundi alipitisha kidole kwenye mstari ule, na kidole kikatoka na vumbi jeupe.

Tangu siku hiyo mtoto aliacha kula, akisema ameshakula na mgeni. Kucha zake zikageuka rangi ya saruji, mikono ikawa baridi hata juani, na kila jioni fundi, akiwa jikoni na sufuria ya chakula ambacho hakuna mtu angekila, alisikia nyayo tupu zikivuka sakafu ya chumba cha pili, kisha kicheko cha mtoto, kisha kikohozi kidogo, kile cha mtu anayetaka kusema jambo asijue pa kuanzia, kikohozi alichokizoea kwa miaka kumi na miwili na ambacho aliamini amekizika.

Ghorofa ya chini, kati ya duka la simu na kinyozi, mganga wa majini alikuwa amepanga chumba. Mwenye jengo alikuwa amemwandikia mlangoni "Ushauri wa Familia", asiwatishe wapangaji.

"Mama, nina tatizo la ukuta," fundi alisema.

"Ukuta ni wako, mwanangu. Sema lililo langu."

Alipomweleza, mganga aliacha mzaha. "Nani alianza kubisha?"

"Mimi. Niligonga mara tatu."

"Basi ulimbishia hodi, naye akakubishia, ukamkaribisha. Jini aliyevamia nitamfukuza hata sasa hivi. Mgeni hafukuzwi, anasindikizwa, na wa kumsindikiza ni mwenyeji wake. Mpeleke mpaka alikoingilia, umuage. Atataka umwambie karibu tena. Ukisema, safari ijayo ataondoka na mtoto."

"Mama, ile sauti ni ya mke wangu."

"Ulimwambia apite," mganga alisema kwa upole. "Unadhani alipita wapi kama si moyoni mwako, ilimokuwa sauti hiyo?"

Siku iliyofuata, saa kumi na moja, fundi alisimama katikati ya chumba na kusema, "Nikusindikize." Kutoka kitandani mpaka ukutani ni hatua nane, na alizihesabu, lakini ubavuni pake nyayo nyingine zilihesabu taratibu zaidi, kama za mgonjwa anayejifunza kutembea tena kwenye korido ya hospitali akiwa ameshikwa mkono, na mkono wake wa kulia ukawa baridi mpaka kwenye kiwiko, na harufu ya saruji ikapungua, ikaja ile ya sabuni aliyokuwa ameitupa pamoja na kanga zote, na walipofika ukutani kikohozi kikaja, na sauti ikamwita kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyelijua.

"Bwana Vumbi. Huniambii karibu tena?"

Aliuma ulimi mpaka akaonja damu. "Kwaheri," alisema.

Asubuhi ukuta ulikuwa mweupe. Mtoto alikula sahani mbili na kulalamika kwamba chumvi imezidi.

Miezi ikapita, jengo likajaa. Jioni madirisha yaliwaka, na watu walikuja kushangaa kwamba mjini kati panalika na kulalika. Fundi akiwa safarini, mwenye jengo aliifungua ile stoo kwa upande wa pili, akatoboa dirisha, akawapangisha maharusi.

Jumamosi moja saa kumi na moja, binti akifanya hesabu mezani, fundi aliwasikia majirani wapya wakitundika picha. Msumari uligongwa mara tatu. Kimya. Kisha kikohozi kidogo.

"Hodi."

"Karibu, pita," bibi harusi alijibu, akicheka na mumewe.

Mlango wao ulikuwa hatua chache tu kwenye korido, na kuwaonya kusingechukua hata dakika. Fundi aliinuka. Alimtazama binti yake. Halafu akauendea ukuta, akauwekea sikio, akingoja kuitwa Bwana Vumbi.