Niulize Mimi Kwanza

Ijumaa ile jioni, kwa kinyozi Ruben pale barabara kuu ya Kings Heath, huku ughaibuni, hata pa kusimama hapakuwa. Mashine zilinguruma, wanaume wakabishana mpira kwa Kiswahili cha Kongo, cha Kenya na Kiingereza juu yake. Fortunée akaingia na koti lake la njano, gauni la kitenge likichungulia kwa chini, akamwomba Ruben ruhusa na kubandika tangazo kwenye kioo.

"Natafuta mwanaume mmoja," akasema.

Jamani, kicheko kilichozuka! Mzee mmoja akamwambia achague tu, wamejaa tele.

"Wa kukaa na wavulana kila Jumamosi asubuhi," akaendelea bila kutabasamu. "Wa miaka kumi na moja mpaka kumi na tatu. Tunawafundisha usawa kule Ladywood, wasichana na wavulana pamoja. Nani anapika nyumbani, nani anafua, nani anaamua. Wasichana nawamudu. Wavulana wananiambia, 'Miss, hayo Papa hafanyi.'"

Ghafla kila mtu akawa na simu ya kuangalia. Kisha mkono ukachomoza chini ya shuka la kinyozi. Mwenye mkono alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa.

"Mimi nitakuja. Ila acha kwanza wanimalizie huu upande."

Fortunée alicheka mpaka akashika mlango. Hivyo ndivyo alivyomjua Ignace, mtu wa Uvira kule Kongo, mrefu, mpole wa sauti, ambaye kazi yake ilikuwa kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini.

Na alikuja kweli. Kwenye ukumbi wa Ladywood, chini ya ghorofa refu, aliwafundisha wavulana kukaanga mayai na kusugua sufuria, naye akisugua yake. Somo lililompa jina, hata hivyo, lilikuwa la kuomba. "Usichukue kitu cha mtu, hata mkono wake, kwa kudhani," aliwaambia. "Uliza. Ngoja jibu. Ukiambiwa hapana, usinune." Watoto waliigiza wakacheka, lakini likawaingia.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kufika mwezi wa tatu tangu wajuane, simu kati yao zilikuwa hazikauki.

"Uko wapi, chérie, mpenzi wangu?" Ignace angeuliza.

"Kwenye basi. Wewe?"

"Nimetoka kumpeleka bibi mmoja eksirei. Ameniuliza mbona natabasamu kama nimepata ufalme."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia malkia mwenyewe ana koti la njano."

"Ee, acha! Watu wananiangalia nacheka peke yangu."

Jumapili moja mchana Fortunée akapigiwa simu na baba yake, Papa Hugues, aliyekaa Harborne. Mzee alikuwa amejaa furaha.

"Mwanangu, umetuheshimisha! Wajumbe wametoka hapa sasa hivi. Wajomba watatu wa Ignace, na suti zao. Wanasema wameona ua nyumbani kwangu."

"Nawe umewajibu nini, Papa?"

"Kwamba ua lipo. Warudi tuzungumze."

Fortunée akakaa kitandani. Lililomuuma ni hili: Ignace angemuuliza yeye, angesema ndiyo kabla swali halijaisha. Akampigia.

"Ignace, umetuma watu kwa baba yangu?"

"Surprise, chérie! Umefurahi?"

"Mimi umeniuliza lini?"

"Nilitaka kukuheshimu. Kwetu mwanaume wa kuongea ndoa pembeni, wazazi hawajui, ni mhuni. Mama alinilea hivyo."

"Baba kaulizwa. Wajomba wameulizwa. Mimi mwenye kuolewa nimepigiwa simu kuarifiwa! Na Jumamosi utawaambia nini wale wavulana? Kweli mganga hajigangi."

"Fortunée..."

"Usinipigie."

Jumamosi alikwenda akijua atawashika watoto wote peke yake. Akamkuta Ignace amefika zamani, shati jeupe limepigwa pasi, macho mekundu. Watoto walipokaa, akasimama mbele yao.

"Wiki hii nimekosa," akasema. "Nilitaka kuoa, nikauliza watu wote isipokuwa mwenye kuolewa mwenyewe."

Ayan, msichana wa miaka kumi na miwili asiyejua kuficha neno, akaruka juu. Kiswahili alikielewa chote, ila majibu yake yalikuwa ya Kiingereza, na kwa Kiingereza hichohicho akatangaza kwamba mwenyewe ni Miss, kila mtu anajua, basi amuulize hapahapa. Ukumbi ukalipuka. Makofi, meza, miguu: muulize, muulize!

Fortunée alikuwa amesimama kando ya birika, uso unamwaka. Akawaza: akipiga goti sasa, mimi nitasema nini mbele ya watoto hawa?

Ignace akatikisa kichwa. "Hapana. Mkimtazama wote hivi, akitaka kukataa atakataa vipi?"

Makofi yakafa. Fortunée aligeukia sinki ili wasione machozi. Alimpenda mtu huyu, bado alimpenda, na hasira nayo ilikuwa palepale.

Walipotoka, Ignace akasimama naye nje ya lango.

"Wajomba nimewaomba waondoe posa. Jana walikwenda kumwomba radhi Papa Hugues. Yule mkubwa hasemi na mimi tena."

"Pole."

"Ni kosa langu. Sasa nakuuliza wewe, na hapa hakuna mtu. Unataka tuoane?"

Fortunée akajibu: "Leo siwezi kusema ndiyo."

Uso ulimshuka, lakini hakuuliza kwa nini. "Sawa. Jumamosi nije?"

"Njoo."

Akaja. Wiki tano alikuja, akakaanga mayai, akapiga simu, akatania koti la njano, wala lile swali hakuligusa. Wambea wa kanisani walisema Fortunée anachezea bahati. Yeye mwenyewe alikuwa akilala vizuri. Hasira ikapungua taratibu, mpaka Jumanne moja akaitafuta asiione. Akachukua simu.

"Ignace, lile swali bado lipo?"

Upande wa pili wa simu, magurudumu ya kitanda cha mgonjwa yakasimama. "Lipo."

"Basi, ndiyo."

Alimsikia akivuta pumzi, kisha akicheka, kisha akilia kabisa, mwanaume mzima. "Asante, chérie. Asante. Sasa wajomba... hapana, samahani. Unataka tufanyeje?"

"Tulia. Kwanza naenda mimi."

Harborne alimkuta Papa Hugues sebuleni na chai yake.

"Karibu, mwanangu. Kuna nini siku ya kazi?"

"Papa, nimeleta habari ya ndoa."

Mzee akaweka kikombe chini, akanyoosha shati, akatazama mlangoni nyuma ya binti yake. "Wajumbe wako wapi?"

Fortunée akavuta kiti, akakaa mbele ya baba yake.

"Ni mimi, Papa."