Vumbi Kwenye Gita Jekundu

Wapangaji wa ua mmoja wa mtaa wa Bombolulu hufagia kwa zamu kila Jumamosi. Kwanza hunyunyiza maji ili vumbi litulie, ndipo ufagio ushike kazi. Lakini asubuhi hiyo Sidi hakuwa na habari na ufagio. Akili yake yote ilikuwa kwenye gita.

Lilikuwa gita la kanisa, kuukuu, rangi imebanduka. Mjomba wake Gershom, mwalimu wa kwaya, alikuwa amelifungua nyuzi na kumkabidhi kiwiliwili cha mbao. "Ukilipaka likapendeza, Jumapili ya wiki ijayo utalipiga wewe," alimwambia. Sidi, msichana wa miaka kumi na mitatu, hakuwahi kuaminiwa hivyo na mtu mzima.

Basi alifuata yote aliyofundishwa. Alilisugua gita kwa msasa, akalipaka rangi ya msingi, akaiacha ikauke, kisha akalisugua tena kwa msasa laini na maji. Akalitundika nyuma ya tangi tupu la maji pale uani, akajifunga kitambaa puani na kulipulizia rangi nyekundu ya kopo. Likang'aa! Akaingia ndani kunywa chai, roho imemtulia.

Aliporudi, nusura alie. Rangi mbichi ilikuwa imejaa vumbi na chembe za mchanga. Na pale uani Nyevu, binti wa jirani, alikuwa amesimama na ufagio mkononi.

"Nyevu! Umenifanyia nini wewe?" Sidi alifoka. "Una kijicho! Tangu nilipopewa gita hili umenuna!"

"Mimi? Hata sikuliona, liko nyuma ya tangi."

"Muongo mkubwa! Na nani hufagia bila kunyunyiza maji? Hata mtoto wa chekechea anajua! Nani amekutuma?"

Milango ikafunguka, watu wakachungulia. Nyevu akautupa ufagio chini. Sasa hasira ilikuwa zamu yake, na jamani, alikuwa na haki nayo.

"Amenituma mamako! Amekuita asubuhi nzima, ukaitika 'abee, naja', na usije. Leo ni zamu yako, Sidi, si yangu! Mgongo unamuuma, nikamwonea huruma. Na maji ninyunyize yapi? Mifereji imekauka tangu jana, nimekuta ndoo tupu. Nani ameyamaliza?"

Sidi aligeuka kuitazama ile ndoo. Maji ya ndoo ndiyo aliyosugulia gita.

Mjomba Gershom alikuwa ameingia uani katikati ya kelele hizo.

"Shikamoo, mjomba," Sidi alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba." Akaliangalia gita. "Hili halijaharibika. Liache likauke kabisa, ulisugue kwa msasa laini, ulipulizie rangi upya. Lakini umemwita mwenzako muongo mbele ya ua mzima. Hapo msasa haufai kitu. Anzia hapo."

Uso ulimwiva Sidi kwa aibu. Alitamani wale majirani waingie ndani kwanza, lakini hakuna aliyeondoka. Ikabidi aseme mbele yao: "Nyevu, nisamehe. Nimekusingizia. Zamu ilikuwa yangu, na maji nimeyamaliza mimi."

"Nimekusamehe," Nyevu alijibu. "Lakini bado nimekasirika."

Wiki hiyo Sidi alianza kila siku kwa kumsaidia mamake, kisha ndipo akashika msasa. Jumapili gita lilikuwa safi, nyuzi zimerudishwa. Kabla ya kumkabidhi mbele ya kwaya, mjomba Gershom alimwinamia.

"Umefanya kazi nzuri, mwanangu. Ila kazi unayoipenda haikuondolei ile usiyoipenda. Ukiiacha, kuna mtu ataibeba. Na likitokea baya, jiulize kwanza wewe ulikuwa wapi, ndipo umtafute wa kumlaumu."

"Nimesikia, mjomba."

Sidi alipomaliza kupiga, kanisa zima lilishangilia. Nyevu akamjongelea, akapitisha kidole juu ya ile rangi nyekundu, akakitazama.

"Hakuna hata punje ya vumbi," alisema, na hatimaye akacheka.