Fundo la Buluu

Kila alasiri, wakishatoka shule, wasichana watatu waliketi bega kwa bega mbele ya mtambo wa kufumia zulia, uani kwa kina Ogulbibi, mjini Andkhoy. Zulia lilikuwa la dada yake, ambaye angeolewa baada ya mavuno. Mmoja aliita rangi, wote wakafunga fundo, kila mtu akifuma ua lile lile mbele yake.

Mwitaji alikuwa Jeren, binamu ya Ogulbibi, tena mdogo kwake. Mama Ogulbibi ndiye aliyemchagua kwa sababu hakupotea katika mchoro. Jambo hilo lilimkwama Ogulbibi kooni kama mfupa. Yeye si ndiye mtoto wa nyumba hii?

Kibaya zaidi, masikio yaliyozoea kumtii Jeren kwenye zulia yalimtii hata wakati wa kupumzika. Alimtuma chai Tavus, jirani yao aliyekuwa msichana wa tatu, naye akaenda. Alimtuma Ogulbibi maji, naye akajikuta ameshika ndoo kabla hajakasirika.

"Umekuwa malkia siku hizi?" Ogulbibi aliuliza.

"Malkia ana kiu. Kimbia, dada."

Tavus akacheka. Kicheko kile kilimchoma Ogulbibi kuliko amri yenyewe.

Kesho yake, Jeren alipoita nyekundu, Ogulbibi alifunga buluu, mstari baada ya mstari. Mama alipokuja kukagua akakunja uso, Ogulbibi aliwahi kusema kwamba Jeren ndiye aliyeita buluu.

Mama alipitisha kidole juu ya zulia polepole.

"Sauti ilikuwa moja," alisema. "Kwa Jeren nyekundu, kwa Tavus nyekundu. Buluu umeisikia wewe peke yako, mwanangu?"

Ogulbibi aliinamisha kichwa, akakiri yote, pamoja na uchungu wa kutumwatumwa. Lakini kila mstari ulikuwa umefungwa kwa uzi unaopita upana wote wa zulia, hivyo ilibidi kazi ya wote watatu ifumuliwe. Tavus alilia. Jeren alimwomba Ogulbibi radhi, akachukua kisu, akaanza kufumua upande wa binamu yake.

"Jeren, nilikupa kuita rangi, sikukupa wenzako," Mama alisema. "Anayetiiwa akijisahau, hupanda wivu. Nawe Ogulbibi, ulitaka kumwangusha mmoja, umeangusha kazi ya watatu. Ukitaka kuita, keti nami kila asubuhi kabla ya shule ujifunze mchoro. Nafasi ya mtu haipatikani kwa kumharibia. Hupatikana kwa kujua kazi."

Asubuhi iliyofuata, Ogulbibi alimkuta Mama amekwisha kukaa mbele ya mtambo, akaketi kando yake.